Binti yangu aliambiwa neva za macho zimevimba, kisha akaambiwa ana druseni: tufuate kauli ipi?

Mzazi wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nina binti wa miaka 13 anayesoma skuli hapa Wete. Kwa miezi kadhaa amekuwa akilalamika kuumwa na kichwa, zaidi nyakati za jioni baada ya kurudi chuoni, na kwa kuwa mwalimu wake alishatueleza kwamba hufinya macho anaposoma, tuliamua apimwe miwani. Mpimaji alipomulika ndani ya macho alikaa kimya kidogo, akamulika tena, kisha akatueleza kwamba vichwa vya neva za macho vimeinuka pande zote mbili na kingo zake hazionekani sawasawa, na kwamba hali hiyo huweza kuletwa na shinikizo ndani ya kichwa, pengine hata uvimbe wa ubongo. Hakutuficha, nami simlaumu kwa hilo, lakini mtakadiria wenyewe usiku huo tuliulala vipi.

Tulivuka kwenda Unguja. Daktari wa huko alimpima uwezo wa kuona akakuta ni 6/6, yaani wa kawaida, kwa kila jicho, akampima rangi akazitaja zote, kisha akampiga altrasaundi ya macho juu ya kope zilizofungwa na akatuonyesha kwenye kioo nukta nyeupe zinazong'aa nyuma ya kila jicho. Alisema hizo ni druseni za kichwa cha neva, ni vijiwe vya kalsiamu, na kwamba mtoto arudi baada ya muda kwa ufuatiliaji. Wagonjwa walikuwa wengi na sisi tulikuwa tunaiwahi boti ya Mkoani, kwa hiyo mengi niliyotaka kuyauliza niliondoka nayo.

Kwanza, je, hawa wawili wameona kitu kimoja au mmoja wao amekosea? Pili, je, mtoto atapoteza uwezo wa kuona? Bibi yake anauliza kama tumpunguzie maziwa na dagaa kwa kuwa vijiwe hivyo ni vya kalsiamu, na pia amemnunulia vidonge vya vitamini A ili kumtia nguvu ya macho, ambavyo bado sijaruhusu avianze. Ana wadogo zake wawili wa kiume, na sijui kama nao wanahitaji kupimwa. Zaidi ya yote, kichwa bado kinamuuma. Natanguliza shukrani kwa yeyote mwenye ujuzi.

Tabibu wa Macho, Unguja

Waalaykum salaam, mama, na poleni kwa khofu mliyoipata. Nimeifanya kazi ya macho kwa muda mrefu, na ningependa nianze kwa kukutoa wasiwasi juu ya hao waliomtazama mtoto, kwani kauli zao hazipingani. Wa kwanza alieleza alichokiona, na wa pili akaeleza sababu ya kile alichokiona mwenzake. Kichwa cha neva kilichoinuka ni sura tu, na chini ya sura hiyo yanaweza kuwapo mambo mengi, mengine mepesi na mengine ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Neva ya jicho ina nyuzi zipatazo milioni moja, ambazo hutoka kila upande wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kukusanyika kwenye diski, ndiyo hicho kichwa cha neva, yenye upana wa takriban milimita moja na nusu kabla ya kupinda kuelekea ubongoni. Wapo watu wanaozaliwa na tundu jembamba la kupitishia nyuzi hizo, nazo hubanana hapo kama waumini wanaotoka msikitini kwa mlango mmoja baada ya sala ya Ijumaa. Maelezo yanayotegemewa zaidi, ambayo Mark Tso aliyatoa mwaka 1981 baada ya kuchunguza tishu kwa hadubini yenye nguvu kubwa, ni kwamba usafirishaji ndani ya nyuzi huvurugika, mitokondria zilizomo, yaani vijitambo vinavyotengeneza nishati ya seli, hujaa kalsiamu, kisha mabaki yake hutoka nje ya nyuzi na kuendelea kukusanya kalsiamu tabaka juu ya tabaka. Vijiwe vinavyotokana na hayo ndivyo druseni, na vimejulikana kwa wachunguzi wa tishu tangu mwaka 1858, Heinrich Müller alipovieleza. Si saratani wala maambukizi, wala havitokani na chakula. Kalsiamu hiyo hukusanyika kwa sababu ya kilichotokea ndani ya nyuzi zenyewe, kwa hiyo mwacheni mtoto anywe maziwa yake na ale dagaa wake, maana mifupa ya msichana wa umri huo inavihitaji sana.

Kuhusu wingi wa hali hii, uchunguzi uliofanywa nchini Denmark na kuchapishwa mwaka 1966 ulikuta druseni zinazoonekana kwa watu 3 hadi 4 katika kila 1,000, ilhali macho ya maiti yanapokatwa na kutazamwa kwa hadubini zimepatikana kwa watu wapatao 2 katika kila 100, maana nyingi zimezama ndani na hazionekani kwa kumulika. Kwa robo tatu hivi ya wenye nazo huwa kwenye macho yote mawili. Kwa watu wenye asili ya Afrika zimeonekana kuwa chache kuliko kwa Wazungu, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya mpimaji wa huku kuufikiria uvimbe wa ubongo kabla ya druseni. Kwa maoni yangu alifikiri kwa mpangilio ulio sahihi, kwa sababu katika mambo haya mawili moja linaweza kusubiri na jingine haliwezi.

Uvimbe wa kweli wa diski unaoletwa na shinikizo ndani ya fuvu huitwa papiledema. Nyuzi zinapovimba hupoteza ung'avu wake, kwa hiyo mishipa ya damu inayopita ukingoni mwa diski hufichika, diski huwa nyekundu kuliko kawaida, vena, yaani mishipa inayorudisha damu, hujaa, na mara nyingi huonekana michirizi ya damu. Penye druseni diski huinuka pia, lakini mishipa huonekana wazi inapovuka ukingo, kishimo cha katikati hakipo, mishipa hugawanyika matawi mengi isivyo kawaida, na ukingo huwa na mabonde na vilima vidogo vya rangi ya manjano. Kwa mtu mzima tofauti hizi huonekana vizuri. Kwa mtoto hali ni ngumu zaidi, kwa sababu druseni zake huwa bado zimezama na hujitokeza juu polepole kadiri anavyokua, nyingi zikianza kuonekana karibu na umri aliofikia binti yako.

Ndiyo maana vipimo vinatakiwa. Altrasaundi ni kipimo kizuri, cha bei nafuu na kisichotoa mionzi: kijiwe chenye kalsiamu hurudisha mwangwi mkali unaobaki ukionekana hata mpimaji anapopunguza nguvu ya mashine hadi sehemu nyingine za jicho zikatoweka, na nyuma yake hutupa kivuli. Picha ya mwanga wa buluu huzifanya druseni za juu zing'ae zenyewe. Kipimo cha OCT, yaani picha ya tabaka za jicho inayopigwa kwa mwanga, kinachofika tabaka za ndani zaidi huonyesha hata zile zilizozama na ambazo hazijashika kalsiamu ya kutosha. Ikiwa kwenye kioo uliona nukta hizo zikibaki ziking'aa huku picha nyingine ikififia, basi daktari alikuwa akikuonyesha hasa kile kinachothibitisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningekuomba ulishike kuliko mengine yote. Druseni zimeeleza sura ya diski, lakini hazijaeleza maumivu ya kichwa, kwani druseni zenyewe haziumi wala hazipandishi shinikizo la ubongo. Mtu anaweza kuwa na druseni na wakati huo huo akawa na papiledema, na papiledema hiyo ikapita bila kutambuliwa kwa kuwa kila anayemmulika husema "hizi ni zile druseni zake". Kwa hiyo kichwa kichunguzwe kwa haki yake, pasipo kuegemea jibu la macho.

Naomba mwulize mtoto kwa utulivu: Je, kichwa humuuma zaidi anapolala au anapoamka alfajiri? Hutapika? Anapoinuka kutoka kuinama au kusujudu, macho huingiwa na kiza kwa sekunde chache kisha yakarudi? Husikia mvumo masikioni unaokwenda na mapigo ya moyo? Huona vitu viwili viwili anapotazama mbali? Likiwapo hata moja kati ya haya, asisubiri tarehe ya ufuatiliaji. Na kabla ya safari yoyote, nendeni kituo cha afya kilicho karibu apimwe shinikizo la damu kwa mkanda unaolingana na mkono wake, kwa sababu shinikizo kali la damu nalo huvimbisha diski za macho yote mawili, na ni kipimo cha dakika chache ambacho mara nyingi husahaulika kwa watoto.

Vidonge vya vitamini A viwekeni kando. Bibi amenunua kwa mapenzi, na ni kweli kwamba upungufu wa vitamini A hupofua watoto, lakini ikizidi mwilini hupandisha shinikizo ndani ya fuvu na kuleta papiledema ile ile tunayoikhofia. Baadhi ya dawa za chunusi, kama vile doksisaiklini na nyingine za jamii ya tetrasaiklini, huweza kufanya hivyo pia, na binti wa miaka 13 huenda akawa amepewa na rafiki, hivyo ni vyema aulizwe.

Kuhusu kuona kwake, jibu la kweli lina pande mbili. Uwezo wa kuona mbele, wa kusoma na kutambua nyuso, hubaki salama kwa walio wengi maisha yao yote. Kinachopungua, polepole sana na mara nyingi bila mwenyewe kutambua, ni uwanja wa kuona wa pembeni, hasa upande wa puani na chini. Watu wazima wengi wenye druseni zinazoonekana hukutwa na upungufu wa namna hiyo wanapopimwa kwa mashine. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuziondoa wala kuzizuia, na upasuaji haufai. Wapo madaktari wanaotoa matone ya kupunguza shinikizo la jicho kwa matumaini ya kuzilinda nyuzi zilizobaki, na mimi huyaafiki pale tu shinikizo la jicho lenyewe lina sababu ya kutibiwa.

Fundi Miwani, Mjini

Ninaongeza neno moja la kazi yangu. Macho yanayoona karibu kwa taabu huwa mafupi kidogo, na mara nyingi diski zake ni ndogo na zilizobanana, kiasi cha kuonekana zimeinuka hata bila druseni. Mtoto huweza kuficha taabu hiyo kwa kukaza misuli ya ndani ya jicho, akasoma 6/6 bila shida, kisha jioni kichwa kikamuuma. Kwa hiyo, dada, uliza kama alipimwa miwani baada ya kutiwa matone ya kulegeza misuli hiyo. Kama hakutiwa, kipimo chake cha miwani hakijakamilika, nacho kirudiwe kabla hamjanunua fremu.

Mwalimu, Kusini Unguja

Nimesoma maelezo ya tabibu kwa makini, kwa sababu mimi mwenyewe ninaishi na druseni tangu ujana wangu na sasa nimevuka miaka 40. Nilipogunduliwa hapakuwa na altrasaundi ya macho karibu, na nilichomwa sindano ya mgongo ili kupima shinikizo la maji ya ubongo kabla ya mtu yeyote kufikiria jambo jingine. Shinikizo lilikuwa la kawaida. Sielezi haya ili kumtisha mzazi, maana kipimo hicho kina mahali pake na huokoa macho ya wengi, lakini ninamsihi aitunze ile karatasi ya altrasaundi kuliko cheti cha kuzaliwa, kwa sababu kila daktari mpya atakayemmulika binti yake bila kuwa na historia ataanza upya safari ile ile.

Kuhusu maisha ya kila siku, ninasomesha, ninasahihisha madaftari usiku, ninasoma msahafu wenye maandishi ya kawaida, na wanafunzi wangu wengi hawajui kwamba nina kasoro yoyote. Nilichopoteza kipo chini na upande wa ndani, zaidi kwenye jicho la kushoto. Mtu akininyooshea mkono kutoka chini siuoni upesi na huchelewa kuitikia, na huenda akanidhania nina kiburi. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe nazishuka kwa kuinamisha kichwa, na barabara ya kijijini kwetu yenye mawe ya matumbawe siiendi kwa baiskeli jua likishazama. Haya yalikuja taratibu mno kiasi kwamba niliyajua kwa karatasi ya kipimo kabla ya kuyajua kwa mwili wangu, na ndiyo maana ninakihimiza kipimo cha uwanja wa kuona hata kwa mtoto anayeona vizuri. Kipimo cha kwanza aghalabu huwa kibaya kwa sababu mtu hajakizoea, huchoka na kubonyeza ovyo, basi wasikihukumu hicho, wasubiri cha pili na cha tatu.

Lipo jambo moja ambalo niliambiwa na daktari na ninaliona ni haki ya binti huyu kuambiwa mapema, kwa lugha ya umri wake. Mabadiliko ya polepole ni ya kawaida kwetu, lakini ya ghafla si ya kawaida. Akiamka siku moja akakuta nusu ya jicho moja ina kiza, au mistari iliyonyooka kama ya daftari ikaonekana imepinda, aseme siku hiyo hiyo, asinyamaze kwa kudhani ni zile druseni.

Tabibu wa Macho, Unguja

Mwalimu amesema vyema, nami naongeza sababu ya maneno yake. Diski iliyobanana yenye druseni huweza kukosa damu ghafla kwa umri mdogo kuliko watu wengine wanaopatwa na hali hiyo, na matokeo yake ni hicho kiza cha nusu ya jicho, ambacho huonekana zaidi mtu anapoamka. Mistari kupinda ni jambo jingine: mishipa dhaifu ya damu huota pembeni mwa diski, huvuja na kufika sehemu ya katikati ya kuona. Hii ya pili inatibika kwa sindano za dawa kama bevasizumabu ndani ya jicho, na kadiri inavyowahiwa ndivyo matokeo yanavyokuwa bora. Yote mawili ni machache, na kwa mtoto ni machache zaidi.

Msomaji wa Chake

Samahani kwa kuingilia. Nakumbuka wazee wakisimulia kwamba vijana wa Dar es Salaam walipata ugonjwa wa mshipa wa jicho na kupoteza uwezo wa kusoma. Je, huenda ni haya haya ya binti wa Wete? Na mjomba wangu, ambaye yuko kwenye dawa za kifua kikuu, analalamika kwamba rangi nyekundu haioni ikiwa nyekundu kama zamani. Je, naye aangaliwe druseni?

Tabibu wa Macho, Unguja

Ndugu yangu, nianze na mjomba, kwa sababu yeye hana muda wa kungoja. Miongoni mwa dawa za kifua kikuu imo ethambutoli, ambayo huweza kuidhuru neva ya jicho, na kufifia kwa rangi nyekundu ni moja ya dalili zake za mwanzo. Asiache dawa kwa uamuzi wake, maana kifua kikuu kitamrudia kwa ukali, bali aende leo au kesho kwenye kliniki inayompa dawa, aeleze dalili hiyo kwa maneno hayo hayo, nao wataamua kuibadilisha na kumpeleka kwa wataalamu wa macho. Madhara yake mara nyingi hurudi nyuma dawa ikisimamishwa mapema, na yakicheleweshwa huweza kubaki.

Habari za Dar es Salaam ni za kweli. Kuanzia mwaka 1988 madaktari walianza kuona vijana waliopoteza uwezo wa kuona wa katikati kwa macho yote mawili, baadhi yao wakiwa pia na ganzi ya miguu na upungufu wa kusikia, na hali hiyo ilielezwa katika majarida ya tiba katika miaka ya 1990. Lishe, hasa vitamini za kundi B, ilichunguzwa miongoni mwa sababu zake. Ni ugonjwa ulio kinyume kabisa na druseni katika namna unavyoshambulia: ule huchukua katikati na rangi ukaacha pembeni, ilhali druseni hula pembeni zikaacha katikati. Binti wa Wete anasoma 6/6 na anazitaja rangi zote, kwa hiyo hayumo humo.

Mzazi wa Wete

Ahsanteni sana nyote, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimerudi na habari. Shinikizo la damu limepimwa na ni la kawaida kwa umri wake. Nilipomwuliza kuhusu kiza cha kupita alisema hana, hatapiki, wala kichwa hakimuamshi usingizini. Humuuma akisoma kwa muda mrefu, na siku nyingine upande mmoja tu, akataka alale chumba chenye giza. Dawa za chunusi hajawahi kutumia. Kipimo cha miwani kwa matone kimefanyika na kumbe anahitaji miwani ya kusomea. Vidonge vya bibi nimevifungia kabatini, na bibi mwenyewe amekubali baada ya kusomewa maelezo yenu.

Limebaki suala la picha ya ubongo, ambayo inatugharimu safari na fedha nyingi, na wadogo zake. Yule mdogo wa miaka 6 tulimpiga altrasaundi safari hiyo hiyo na haikuonyesha kitu, hivyo nadhani yeye amesalimika. Pia jamaa mmoja anasema mtoto mwenye neva zenye kasoro huwa na upungufu wa homoni na hakui, jambo ambalo limenitia wasiwasi upya.

Tabibu wa Macho, Unguja

Mama, umefanya kazi kubwa, na majibu ya binti yako yananipa matumaini, kwa sababu kichwa cha upande mmoja kinachotaka giza hufanana zaidi na kipandauso, na kile cha kusoma kina miwani yake. Juu ya picha ya ubongo, uamuzi ni wa daktari anayemwona, lakini nitakueleza ninavyopima mimi. Palipo na druseni zilizothibitishwa kwa altrasaundi, diski zisizo na wekundu wala damu, mishipa inayoonekana wazi, uchunguzi wa mfumo wa neva na ubongo ulio salama na kichwa kinachopungua kwa miwani, naweza kusubiri na kumtazama tena baada ya wiki chache nikilinganisha na picha za mwanzo za diski: papiledema hubadilika, druseni hazibadiliki kwa muda mfupi kiasi hicho. Kichwa kisipopungua, au diski ikionyesha tofauti yoyote, sitasubiri. Hapo ndipo picha inakuwa na thamani ya gharama yake, na kama italazimika, MRI, yaani picha ya sumaku, huutazama ubongo na vena zake vizuri zaidi, ingawa druseni zenyewe haizionyeshi. CT, yaani picha ya eksirei ya tabaka, huzionyesha kama nukta nyeupe, ila hutumia mionzi, na kwa mtoto ambaye altrasaundi imeshajibu swali la macho sioni haja ya kuitumia kwa ajili ya druseni pekee. Ikiwa picha hiyo haionyeshi kitu na shaka bado ipo, ndipo sindano ya mgongo aliyoitaja Mwalimu hufanywa. Kwa watu wazima shinikizo huhesabiwa limezidi likipita sentimita 25 za maji, na kwa watoto mpaka unaotumiwa na wengi ni 28.

Homoni ni habari ya kasoro nyingine. Huyo jamaa amesikia juu ya watoto wanaozaliwa na neva ndogo mno, ambazo hazikukua sawasawa tumboni. Baadhi yao huwa pia na hitilafu ya tezi iliyo chini ya ubongo, na kwao ni lazima kupima homoni na kufuatilia ukuaji. Watoto hao huwa wanaona vibaya tangu uchanga, mara nyingi macho yakichezacheza. Zipo pia diski zilizozaliwa na pengo, zilizolala upande, au zenye kishimo kidogo kinachoweza kuvujisha maji chini ya retina, na kila moja ina njia yake ya kufuatiliwa. Hakuna kati ya hizo iliyoelezwa kwa binti yako, basi usibebeshwe mizigo ya wengine.

Kuhusu mdogo wake wa miaka 6, hapo nakuomba usifunge mlango. Druseni hurithiwa katika familia nyingi, na uchunguzi ule wa Denmark ulikuta kwamba jamaa wa wenye druseni wanazo takriban mara 10 kuliko watu wengine. Katika umri wa miaka 6 huenda zipo lakini hazijashika kalsiamu, na altrasaundi haiwezi kuona kisicho na kalsiamu. Apimwe tena akikaribia miaka 12, na nyinyi wazazi wawili pia mmulikwe, kwa sababu kwa mtu mzima huonekana kwa urahisi, na zikipatikana kwa mmoja wenu jibu la binti litakuwa limepata nguvu zaidi.

Jambo la mwisho ni la miaka ijayo, nalo linatuhusu sana watu wenye asili ya Afrika, ambao presha ya macho, yaani glaukoma, huwashika zaidi na mapema zaidi. Glaukoma hutambuliwa kwa kutazama kishimo cha diski kikipanuka, na penye druseni kishimo hicho hakionekani, hivyo ugonjwa unaweza kuendelea ukidhaniwa ni druseni. Kwa hiyo kila anapokwenda kliniki apimwe shinikizo la jicho pia, na likizidi milimita 21 za zebaki lisipuuzwe. Kama rufaa itahitajika ng'ambo ya bahari, hospitali za CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi zina idara za macho zinazopokea wagonjwa kutoka visiwani. Ombeni mpewe nakala zenu wenyewe za picha ya diski na ya karatasi ya uwanja wa kuona, zenye tarehe na jina la jicho, kulia au kushoto, na hizo azichukue kila aendako.

Mwalimu, Kusini Unguja

Mzazi mwenzangu, akija Unguja kwa kipimo cha uwanja wa kuona, aje amelala vizuri na amekula, na awe wa asubuhi. Kinachukua dakika kadhaa kwa kila jicho katika chumba chenye kiza kidogo, na mtoto aliyeshuka botini muda huo huo atasinzia ndani ya mashine na karatasi itaonyesha upofu asiokuwa nao.

Mzazi wa Wete

Nimekuelewa, Mwalimu. Tutavuka siku moja kabla na kulala kwa dada yangu Kikwajuni.